Waunda Maudhui: Fahamu Unachouza Kabla ya Kutia Sahihi

Kijana anayepakia video za upishi, kilimo au vichekesho mtandaoni sasa anafanya biashara, na wenye mitaji wameliona hilo. Mwaka 2023, benki ya Goldman Sachs ya Marekani ilikadiria thamani ya sekta hii duniani kuwa dola bilioni 250, ikatabiri kwamba ingefikia dola bilioni 480 ifikapo mwaka 2027.

Wawekezaji huingia kwa njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kununua mapato ya kesho. Kampuni ya Spotter ya Los Angeles humlipa mwenye chaneli ya YouTube fedha kwa mkupuo, kisha huchukua mapato ya matangazo ya video zake za zamani kwa muda waliokubaliana. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilipata mtaji wa dola milioni 200 ulioongozwa na SoftBank ya Japani.

Ya pili ni kununua hisa. Mwaka 2025, Slow Ventures ya Marekani ilianzisha mfuko wa takriban dola milioni 60 wa kununua hisa katika kampuni za waunda maudhui. Hapa mwekezaji anakuwa mshirika, na biashara ikikua naye anagawiwa.

Mikataba midogo zaidi, kama ile ya mawakala, pia inahitaji hesabu. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Matangazo yakiingiza Sh100,000, yeye hupata Sh55,000. Wakala akichukua asilimia 30 ya hizo, yaani Sh16,500, anabaki na Sh38,500 kabla ya kodi na gharama.

Tangu Julai 2023, mapato ya maudhui ya kidijitali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Mfadhili akikulipa Sh100,000 kwa tangazo, Sh5,000 huwasilishwa kwa KRA. Kiasi hicho huhesabiwa unapowasilisha ritani ya mwaka, hivyo hifadhi cheti cha makato.

Jambo zito zaidi ni umiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kuhamisha hakimiliki ni lazima kuwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Lakini kazi uliyoagizwa kutengeneza huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Anayekosa mkataba anaweza kupoteza kazi yake bila kujua.

Kabla ya kutia sahihi, uliza:

• Je, huu ni mkopo, mauzo ya mapato au mauzo ya hisa?
• Mkataba unaisha lini, na unavunjwaje?
• Nani atashika nywila ya chaneli na akaunti ya malipo?
• Je, unahusu pia video ambazo bado hujatengeneza?

Wakazi wanaweza kusajili jina la biashara au kampuni kupitia eCitizen, na kazi zao za ubunifu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Mkataba usioeleweka usomwe na wakili kwanza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.