Pini haibaki pale tumeipanda



Koperative nyingi zinatuuliza kama zinaweza kupanda pini kwa ajili ya mbao. Zinaweza. Lakini sisi maagronome tunaomba kwanza mujue mwenendo wa huu mti.

Tuangalie mlima Mulanje, kule Malawi, inchi yenye miombo kama Katanga yetu. Pini yenye kutoka Mexico (Pinus patula) ilipandwa kule. Leo inaota yenyewe ndani ya pori na kusonga mwerezi wa Mulanje, mti wenye hauna pori lingine la asili duniani.

Inasambaa namna gani? Mbegu yake ni ndogo na iko na bawa. Upepo unaibeba mbali. Matunda yake magumu yanaweza kukaa miaka juu ya mti yakiwa yamefungwa. Moto wa pori ukipita, joto linayafungua, mbegu zinaanguka juu ya majivu, pahali hakuna majani ya kuzisonga. Basi kuchoma si dawa: ni kama kuipanda tena.

Hasara ni yetu. Chini ya pini kuna giza na majani makavu mengi, miche ya miombo inashindwa kuota. Miombo ikipotea, viwavi, asali na uyoga wake vinaenda nayo. Maji pia yanapungua. Afrika ya Kusini, tangu 1995, serikali inalipa watu kukata pini na miti mingine ya kigeni yenye kukunywa maji ya mito.

Tufanye nini?

1. Tusipande pini kando ya pori la miombo wala karibu na chanzo cha maji.
2. Kila mwaka kisha mvua, wanamemba wapite ndani ya pori la jirani na kung'oa miche kwa mkono, pamoja na mizizi.
3. Ile mikubwa, tuikate chini kabisa, chini ya tawi la kwanza. Pini haichipuki kama mikaratusi.
4. Mwaka wenye kufuata turudi palepale, maana mbegu zilibaki.

Pini inaweza kuanza kuzaa ikiwa na miaka kama mitano. Mche wa mwaka huu, hata mtoto anaung'oa. Tukiuacha, kesho tutatafuta msumeno na pesa ya kulipa wakataji.