Mmomonyoko wa udongo: Tuiulize ardhi yenyewe

Ndugu msikilizaji, mvua kubwa inaponyesha hapa Babati, maji yanayoteremka kutoka vilimani hayaendi mikono mitupu. Yamebeba udongo, na udongo huo ni shamba la mtu. Hapo ndipo lawama huanza. Mkulima humnyooshea kidole mfugaji, mfugaji humnyooshea kidole mkulima, na ofisa naye huwatolea amri wote wawili. Maswali ya namna hiyo yaliulizwa pia Ziwa Babati lilipofurika mwaka 1990.

Lakini je, tuna hakika nani aliyeiharibu ardhi, na lini? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, ila fundi mzuri hutaka kwanza kujua ufa ulianzia wapi.

Tuchukue mfano wa majirani zetu. Ukitoka Babati kwa barabara ya Dodoma, ukapita Bereko, unaingia katika vilima vya Irangi, wilaya ya Kondoa. Huko makorongo ni marefu na yana kina cha kutisha. Tangu enzi za mkoloni, wataalamu walitoa maelezo ya aina moja: watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, na uharibifu ni wa juzi tu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi tunaujua kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Ni kweli kwamba majani na miti ilirudi. Lakini ni kweli pia kwamba familia zilibaki bila maziwa, bila samadi na bila akiba yao ya miguu minne.

Baadaye watafiti walikwenda Haubi, katika vilima hivyo hivyo, na wakafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla ya hukumu. Waliiuliza ardhi yenyewe. Elimu waliyoitumia huitwa jioakiolojia. Ni ndoa ya elimu ya miamba na udongo na elimu ya mambo ya kale. Mtaalamu wa mambo ya kale wa kawaida hutafuta chungu, shoka au kaburi. Huyu wa jioakiolojia huanza na udongo wenyewe, kwa sababu udongo nao umepitia mikononi mwa watu.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Ukisimama ndani ya korongo utaona ukuta wake una matabaka, moja juu ya jingine. La chini ndilo lililotangulia. Mtafiti huchukua kipande cha udongo, akakigandisha kwa gundi maalumu, akakikata kiwe chembamba kuliko karatasi, kisha akakitazama kwa hadubini. Humo huona vipande vya makaa, mabaki ya samadi, au dalili kwamba udongo uliletwa na maji.

Umri nao hupimwa kwa chembe za mchanga. Chembe ikiwa juani, mwanga huifuta kumbukumbu yake. Ikifukiwa, huanza kupokea kidogo kidogo mionzi ya asili iliyomo ardhini, na kuiweka akiba nguvu yake. Watafiti huutoa mchanga huo bila kuuonyesha jua, wakaupeleka maabara na kuumulika kwa mwanga maalumu. Chembe nazo hujibu kwa kutoa mwanga hafifu. Jibu likiwa kubwa, maana yake chembe imekaa gizani muda mrefu. Wakishapima na mionzi ya mahali pale, wanaweza kukadiria ni miaka mingapi.

Na Haubi ardhi ilijibu nini? Ilisema kwamba udongo uliporomoka mara ya kwanza kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa ikibadilika. Wakati huo hapakuwa na shamba wala ng'ombe. Mmomonyoko wa pili ulianza takribani miaka 900 iliyopita, na huo ndio watafiti wanaouhusisha na binadamu aliyefyeka miti. Katika bonde hilo yapo pia mabaki ya kuyeyusha chuma, kazi ambayo ilihitaji makaa mengi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mfugaji aliyeondolewa mwaka 1979 hakuwa mshtakiwa pekee. Alirithi jeraha lenye umri wa karne nyingi. Sisemi kwamba hana hatia yoyote, kwani jeraha la kale nalo linaweza kutoneshwa. Nasema tu kwamba kesi iliamuliwa kabla shahidi mkuu hajaitwa.

Shahidi huyo ana mengine ya kushangaza. Huko Narok, nchini Kenya, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulichunguza mahali palipokuwa na mazizi ya wafugaji kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita. Mazizi yalikwisha oza zamani, lakini udongo wa mahali pale bado una rutuba kuliko wa pembeni, na majani yake huvutia wanyama pori mpaka leo. Ng'ombe yule yule anayeitwa mharibifu aliacha nyuma yake bustani.

Hapa nchini tunayo Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima wa huko walilima kwa umwagiliaji eneo la hekta zipatazo 2,000. Watafiti walipochimba katika mashamba hayo waligundua kwamba sehemu ya udongo haikuwa ya pale. Wakulima walipanga mawe kukinga maji, maji yakapungua kasi na kuutua udongo waliobeba. Hasara ya mlimani wao waliigeuza shamba. Hawakuwa na mradi wala mfadhili.

Tunajifunza nini sisi wa Babati? Kwanza, kabla ya kuamuru watu wahame au mifugo iondolewe, ni haki ardhi ichunguzwe, kwa sababu amri ikikosea, anayelala njaa si aliyeitoa. Pili, udongo ukishateremka haujapotea wote. Unaweza kukingwa, na mababu walijua namna ya kuukinga. Tatu, wewe unayechimba shimo la kufyatulia matofali au msingi wa nyumba, ukikuta vigae vya vyungu au mavi ya chuma, usivitupe. Mwarifu ofisa utamaduni. Hivyo kwako ni takataka, lakini huenda ndivyo vitakavyomtetea mjukuu wako siku atakaposhtakiwa kwa kosa lililotendwa karne nyingi kabla hajazaliwa.