Nyumba ya Kununua Magamba: Ardhi Ikaguliwe Kabla ya Jengo

Kosa kubwa la wanunuzi wengi wa nyumba ni kukagua jengo na kuisahau ardhi. Bati jipya, vigae na geti la chuma huonekana mara moja. Haki ya kukaa juu ya kiwanja haionekani kwa macho. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachouza mwenye nyumba ni haki ya kuitumia pamoja na alichokijenga juu yake. Haki hiyo ikiwa na kasoro, uzuri wa jengo haumwokoi mnunuzi.

Katika kata ya Magamba, Manispaa ya Mpanda, jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa wa Katavi, ilipo Mpanda, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 mkoani, na ile ya 2022 watu 1,152,958. Kwa ongezeko hilo, shamba la jana hukatwa viwanja leo, pengine kabla mpima ardhi hajafika. Nyumba za maeneo kama hayo huuzwa kwa karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba fedha zilitolewa na zikapokelewa. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba hajamuuzia mwingine kabla.

Jambo la kwanza kujua ni aina ya ardhi. Sheria za ardhi za 1999 zinaigawa kuwa ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Kiwanja kilichopimwa mjini huwa na hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99, au barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa. Kijijini haki ni ya kimila, na kuihamisha kunahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji, wala saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Ndani ya hifadhi hakuna cha kununua, hata dalali aape kwamba watu wamekaa hapo miaka mingi bila kusumbuliwa. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wilayani Mpanda kuna pia uchimbaji mdogo wa dhahabu, na haki ya kiwanja haimpi mtu madini yaliyo chini yake. Ni busara kuuliza Ofisi ya Madini kama eneo lina leseni ya mchimbaji.

Hati ikiwapo, nakala yake ipelekwe kwa Msajili wa Hati kufanyiwa upekuzi rasmi. Daftari litaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Hati halisi mkononi mwa muuzaji bado haitoshi, kwa sababu anaweza kuwa na mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Kwa nyumba ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa anayeishi humo hana mamlaka hayo kwa sababu tu ya kuzaliwa wa kwanza. Familia nyingi zimevunjika hapa, na mnunuzi akajikuta katikati ya ugomvi usio wake.

Kisha mipaka ikanyagwe kwa miguu, majirani wa pande zote wakiwapo. Bikoni, yaani chuma kilichosimikwa kwenye zege, huwa na namba; ilinganishwe moja moja na namba zilizo kwenye ramani ya hati. Jirani akisema ukuta umeingia kwake, malipo yasubiri.

Jengo lenyewe hukaguliwa vizuri zaidi msimu wa mvua, unaodumu takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Alama ya maji ukutani, ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha na vijia vya udongo vya mchwa kwenye mbao za paa vinaeleza mengi kuliko rangi mpya.

Mkataba uandaliwe na wakili, malipo yapitie benki. Muuzaji anadaiwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na makubaliano yaseme nani atailipa. Kwa ardhi yenye hati, fomu namba 29, 30 na 35 hujazwa na uhamisho husajiliwa. Kabla ya usajili huo, jina lililo daftarini bado ni la muuzaji, naye anaweza kuiweka nyumba rehani kwa jina hilo.