Sura ya 4: Jicho Hulelewa

"Wachina wote wamefanana." Kauli hii utaisikia Kariakoo kila siku, na Mtanzania anayefika Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza hugundua kwamba huko yeye ndiye anayechanganywa na mwenzake. Kila upande unaeleza kwa uaminifu kile unachokiona. Mkanganyiko umo katika jicho linalotazama, na jicho hilo lilipata malezi.

Nyuso zote zina ramani moja: macho mawili juu, pua katikati, mdomo chini. Ili kumtambua mtu, ubongo hushika kwa mkupuo tofauti ndogondogo za ramani hiyo. Kazi hii hufanyika zaidi katika eneo la sakafu ya ubongo ambalo mwanasayansi wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake walilieleza mwaka 1997. Eneo hilo huamka zaidi likiona nyuso za watu wa asili ya mtazamaji.

Sababu ni mazoea. Mtoto wa Aberdeen, Uskochi, huona nywele za dhahabu, nyekundu na kahawia, macho ya buluu na ya kijani. Rangi pekee humsaidia sana. Mtoto wa Tabora amezungukwa na nywele nyeusi na macho meusi. Yeye hujifunza kupima kidevu, upana wa pua, mkao wa nyusi. Kila mmoja akienda kwa mwenzake, hubeba kipimo cha kwao.

Kipimo hicho huanza kukaza mapema. Mwaka 2007, mtafiti David Kelly na wenzake waliwapima watoto wa Kizungu nchini Uingereza. Wa miezi 3 waliutambua uso waliokwisha kuuona, uwe wa Mwafrika, Mchina, mtu wa Mashariki ya Kati au Mzungu. Wa miezi 6 walibaki na Wazungu na Wachina. Wa miezi 9 walibaki na Wazungu peke yao. Sikio nalo hupita njia hiyo hiyo: mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha nyingi, kisha hubakiza zile za nyumbani.

Lakini samaki mkunje angali mbichi. Wakorea waliolelewa na familia za Ulaya tangu wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 9 walipopimwa ukubwani, walizitambua nyuso za Wazungu vizuri kuliko za Waasia. Malezi yaliishinda asili.

Ugumu huu wa kutambua nyuso za watu wa asili nyingine una uzito mahakamani. Mwaka 1984, huko North Carolina, Marekani, mwanamke Mzungu aliyebakwa alimtambua Ronald Cotton, kijana mweusi, kwenye picha na kisha kwenye gwaride la utambuzi. Alikuwa amejitahidi kuukariri uso wa mbakaji, na alisema kwa yakini. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya vinasaba vya mwaka 1995 vilipoonyesha kuwa mhalifu ni mwingine. Yakini ya shahidi mwaminifu haikutosha.

Je, mtu mzima anaweza kujifunza? Mwaka 2009, watafiti James Tanaka na Lara Pierce waliwafunza watu nyuso za asili nyingine kwa njia mbili. Nyuso nyingine zilitambulishwa kwa jina la kila mtu, nyingine kwa asili yake tu. Majina ndiyo yaliyonoa macho yao. Basi mgeni akihamia mtaani kwako, muulize jina, ulitumie kila mnapoonana. Ubongo hujifunza watu mmoja mmoja.