Utelezi wa Mtungini na Vijidudu Visivyosikia Dawa

Hebu ingiza mkono ndani ya mtungi wako wa maji. Kama haujasuguliwa siku nyingi, utagusa utelezi. Tena asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi kwenye meno. Utakuta kitu kama kile kile. Cha menoni tunakiita ukoga. Wengi hudhani ni uchafu tu, au mabaki ya chakula. Sivyo. Utelezi ule ni kijiji kizima.

Wakazi wa kijiji hicho ni vijidudu ambavyo wataalamu huviita bakteria. Ni vidogo mno, huvioni mpaka kwa darubini. Vikipata mahali penye unyevu hujishikiza hapo na kuzaana. Vikishakuwa vingi hutoa ute, na ute huo huvifunika kama udongo unavyofunika mchwa ndani ya kichuguu. Umewahi kumwaga maji juu ya kichuguu? Mchwa wa ndani hawana habari. Siyo vijidudu vyote vinaleta maradhi, lakini vile vinavyoleta maradhi navyo hujificha humo humo.

Jambo hili liligunduliwa zamani. Alikuwako mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari, wala hakusoma chuo kikuu. Darubini alijitengenezea mwenyewe. Mwaka 1683 aliandika barua kueleza alivyokwangua ukoga wa meno yake na kuutazama. Aliona vijidudu vinacheza! Akasema vilivyomo kinywani mwake ni vingi kuliko watu wote wa nchi yake. Kisha akajaribu siki. Ukoga uliochanganywa na siki, vijidudu vyake vilikufa. Lakini aliposukutua kwa siki, vilikufa vile vya juu tu. Vya ndani vilikuwa hai, kwa sababu siki haikupenya.

KWA NINI DAWA HAIFIKI

Dawa tunazopewa zahanati kuua bakteria, kama penisilini na amoksilini, hupata shida ile ile ya siki. Ute huichelewesha dawa njiani. Halafu vijidudu vya ndani kabisa hupata chakula kidogo, basi hupunguza kazi, vikawa kama vimelala. Na dawa nyingi huua kijidudu wakati kinapokua na kugawanyika. Kilicholala hakiguswi. Dawa ikiisha, kinaamka. Wataalamu wamepima wakaona kwamba vijidudu vilivyojifunika ute vinaweza kustahimili dawa hadi mara 1,000 kuliko vile vinavyoelea peke yake.

Ute huu haukai mtungini na menoni tu. Hukaa katika vidonda visivyopona, hasa vya miguu ya wenye kisukari. Hukaa ndani ya mpira wa kutolea mkojo, na juu ya chuma alichofungwa mtu mfupani baada ya ajali. Mgonjwa hupewa dawa, akapata nafuu, watu wakashukuru. Baada ya wiki mbili usaha umerudi. Hapo ndipo maneno huanza: jirani fulani ana mkono wake, au mganga wa zahanati kaiba dawa nzuri kaacha mbovu. Kumbe kichuguu hakikuvunjwa.

Ipo na kinga ya pili, nayo inaitwa usugu. Vijidudu havifanani vyote. Katika wingi wake kimoja huweza kuwa na maumbile ya kuishinda dawa. Wenzake wakifa, chenyewe kinabaki na kuzaa, na watoto wake wote wanarithi. Mbaya zaidi, vijidudu huweza kupeana maumbile hayo, na ndani ya ute vimebanana, kupeana kunakuwa rahisi.

Bwana Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alituonya mapema. Mwaka 1945, akihutubu baada ya kupewa Tuzo ya Nobel, alitoa mfano wa mtu mwenye koo linalouma. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo. Dawa haikutosha kuviua vijidudu, imetosha kuvifundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata kichomi, anatibiwa kwa penisilini ile ile, haifanyi kazi, anakufa. Mfano ulikuwa wa kubuni, lakini leo ni habari za kila siku. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Ukilinganisha na idadi ya watu, Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

KUVUNJA KICHUGUU

Zamani fikra ilikuwa moja: sumu ikishindwa, tafuta sumu kali zaidi. Sasa wako wanakemia wanaofikiri vingine. Wanasema, tusiviue kwanza, tuvibomolee nyumba.

Walipata somo baharini. Sifongo ni mnyama, ingawa watu wengi humdhania mmea. Amekaa mahali pamoja maisha yake yote, amezungukwa na bakteria kila upande, hana mikono ya kujisugua. Hata hivyo wako sifongo ambao hawafunikwi na ute. Ndani ya miili yao mna kemikali zinazouzuia. Nchini Marekani, katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, Bwana Christian Melander na wenzake walichukua mfano wa kemikali hizo, wakaunda nyingine ndogo zaidi zinazofanana nazo. Mwaka 2007 walitangaza kwamba kemikali zao zimewazuia bakteria wasijenge ute. Baadaye walipata nyingine zinazoutawanya ute ambao tayari umejengwa. Kijidudu kilichotawanywa kiko wazi, hata dawa ya zamani inakipata. Tena baadhi ya kemikali hizo zilifanya vijidudu sugu visikie dawa upya, huko maabara.

Huko Australia nako walichunguza mwani mwekundu uitwao Delisea pulchra (siyo huu unaolimwa Zanzibar). Bakteria, ujue, hupelekeana habari kwa kemikali, kama sisi tunavyopiga mbiu ya mkutano. Vikijua vimeshakuwa vingi, vinaanza kazi kwa pamoja. Mwani ule hutoa kemikali inayoiziba mbiu hiyo. Hii ilisifiwa sana, lakini ilionekana ni sumu hata kwa mwili wa mtu. Ndiyo kazi ya kemia ilivyo: kinachofaa ndani ya chupa ya maabara huenda kisifae tumboni.

Usije ukaenda zahanati kuulizia dawa ya sifongo. Haipo, bado ni utafiti. Lakini dawa yenye msaidizi siyo ndoto. Ipo iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1981, amoksilini iliyotiwa asidi ya klavulaniki. Bakteria wengine wana kitu cha kuikata amoksilini vipande kabla haijafanya kazi. Asidi hiyo hukishika kisu chao, amoksilini ikapita.

MTUNGI, MENO NA KIDONDA

Wakati tukingoja, tuna mkono. Mtungi wenye utelezi ukiutia dawa ya maji, klorini inaishia kupigana na ute, vya ndani vinapona kama siku ile ya siki. Sugua kwanza kwa brashi na sabuni mpaka utelezi uishe, suuza, ndipo utie maji na dawa. Ukoga wa meno vilevile hautoki kwa kusukutua tu. Msuaki wa mti unafaa, maadamu unasugua kweli.

Kidonda ni habari nyingine, hicho usikikwangue nyumbani. Mwuguzi anapoondoa nyama iliyokufa, mgonjwa hulia, na ndugu hukasirika kwamba anatesa watu. Hatesi, anavunja kichuguu ili dawa ifike. Wako wanaofungua kapsuli na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Unga huo huua vya juu tu, vinavyobaki vinapata mafunzo. Na wako wanaonunua vidonge vinne kwa sababu fedha ya dozi nzima haipo. Hao mimi siwalaumu upesi, maana najua bei ya dawa na bei ya mahindi. Ila mwambie mganga ukweli kabla hajaandika dawa, atafute njia nyingine.

Ukimpeleka mtu mwenye kidonda cha siku nyingi, mweleze mganga kimekaa wiki ngapi, na uchukue maboksi ya dawa zote alizokwisha kutumia, hata yale matupu. Uliza kama usaha unaweza kupimwa hospitali ya wilaya au ya mkoa ili ijulikane ni dawa ipi vijidudu vyake bado vinaisikia. Na mwombe apimwe sukari siku hiyo hiyo.