Kamera ya 'Mjerumani wa Boma': usilizwe mdau!

Wadau wa Ngara na Biharamulo, mtu akikuletea kamera kuukuu imeandikwa Leica, anaapa iliachwa na Mjerumani pale Boma la Biharamulo, usitoe hela kwanza. Piga hesabu. Wajerumani walitimuliwa huku 1916. Leica ilianza kuuzwa 1925, na yenye kipima umbali ndani yake ilitoka 1932. Sasa huyo Mjerumani aliiacha lini?

Nyingi zenye tai na maandishi ya jeshi la Hitler ni FED (Kharkiv, kuanzia 1934) au Zorki (1948), kamera za Kisovieti zilizochongwa jina jipya.

Utajuaje? Zungusha lenzi uitoe, kisha chungulia ndani, upande wa juu. Kuna kimkono kinachosukumwa na lenzi. Cha Leica kina kigurudumu kwenye ncha. Cha FED na Zorki ni kipande cha chuma kilichochongoka, hakizunguki. Wachakachuaji hubadilisha nje, hapo ndani wengi hawagusi.

FED nayo inapiga picha safi tu. Ila ilipie bei ya FED!

Mdau, ushawahi kuletewa? Tupe stori.