Askari wa mwili wanapoamriwa kufa

JUNI 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka na jamaa zake kutoka Kongo alifariki kwa Ebola katika Hospitali ya Bwera, wilayani Kasese. Kwa wafanyabiashara wa Mubuku na Mpondwe, hofu ilitanda.

Je, kirusi hiki huuangushaje mwili upesi hivyo?

Kila seli hupokea ishara: endelea kuishi, au jimalize. Seli iliyochakaa hujiua kwa utaratibu, nao mwili hunufaika. Ebola huvuruga ishara hizo. Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi, ambazo ni askari wa kinga, haziingiliwi na kirusi, lakini hupata amri ya kufa na kuteketea kwa wingi.

Utafiti uliofanywa Gabon na kuchapishwa 1999 ulionyesha kuwa waliofariki walipoteza askari hao, ilhali walionusurika walitengeneza kingamwili mapema.

Ndiyo maana kuchelewa ni hatari. Katika majaribio ya dawa mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2019, wagonjwa waliowahi kufika walipona zaidi.

Ukirudi kutoka ng'ambo ukapata homa, usinunue vidonge dukani ukanyamaza. Nenda kituo cha afya, useme ulikopita.